Kambi za Watalii Zalipia Malisho ya Mara

Mwenye ardhi hupata kodi kila mwezi na wanyama hupata njia. Lakini mkataba usiosomwa vizuri waweza kumtia mtu hasarani

Kaskazini na mashariki ya Mbuga ya Maasai Mara, katika Kaunti ya Narok, iko nchi pana ya majani isiyo na ukuta wala lango. Mgeni apitaye huko huona swala, punda milia na nyumbu wakila majani karibu na makundi ya ng'ombe, akadhani kwamba yungali ndani ya mbuga. Sivyo. Ardhi anayoikanyaga ni mali ya watu. Kila kipande kina hati yake, na kila hati ina jina la mwenyewe. Naye mwenyewe huyo aweza kuilima, kuiuza, au kuizungushia seng'enge akipenda.

Kama wenye ardhi hao wote wangefanya hivyo, wanyama wa mwitu wangebanwa ndani ya mbuga peke yake, nayo haiwatoshi. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 2005 na 2006, umeanza huko utaratibu ambao wenye kambi za watalii huwalipa wenye ardhi kodi ili nchi ibaki wazi. Ardhi iliyounganishwa kwa njia hiyo huitwa hifadhi ya wenyeji. Utaratibu huo umeleta mema mengi, na tena umeonyesha udhaifu wake. Wakulima na wafugaji wa mahali pengine, ambao nao huombwa kutia sahihi mikataba ya namna hiyo, yafaa waujue kwa pande zote mbili.

Mbuga iliyo ndogo kuliko wanyama wake

Zamani Serikali iliona kwamba njia ya kuwahifadhi wanyama ni kuwatengea mahali pao na kuwaondoa watu. Sheria ya mbuga za taifa ilitungwa mwaka 1945, na Mbuga ya Nairobi ikafunguliwa mwaka 1946. Mwaka 1948 pembe tatu ya nchi iliyo magharibi ya mto Mara, mpaka kwenye mpaka wa Tanganyika, iliwekwa kuwa hifadhi. Mwaka 1961 hifadhi hiyo ilipanuliwa kuvuka mto upande wa mashariki, na usimamizi wake ukakabidhiwa Halmashauri ya Wilaya ya Waafrika ya Narok. Mwaka huo huo Amboseli nayo ilikabidhiwa Halmashauri ya Kajiado. Maana ya tendo hilo ilikuwa kwamba mapato ya wageni yangeingia katika sanduku la halmashauri ya wenyeji, na wenyeji wangeona faida ya kuwavumilia wanyama.

Siku hizi Mbuga ya Mara ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,510, nayo iko chini ya Serikali ya Kaunti ya Narok. Ile pembe tatu ya magharibi imesimamiwa tangu mwaka 2001 na shirika lisilo la faida. Ada ya lango hulipwa kwa kaunti. Lakini mnyama hajui mpaka uliochorwa ofisini. Nyumbu wengi mno huingia kutoka Serengeti katikati ya mwaka, kisha hurudi kwao mvua zinapokaribia. Wako nyumbu wengine ambao hawana haja ya kwenda Tanzania: hao ni nyumbu wa Loita, ambao huzaa katika nyanda za Loita wakati wa mvua na kushuka Mara wakati wa kiangazi. Twiga, tembo na simba nao hutoka na kuingia mbugani kama wapendavyo. Inakisiwa kwamba katika Kenya nzima theluthi mbili hivi ya wanyama wa mwitu huishi nje ya mbuga za Serikali, katika ardhi ya watu.

Basi yatokeayo katika ardhi ya watu ndiyo yaamuayo mambo. Mwaka 2016 wataalamu, akiwemo Dr. Joseph Ogutu, walitangaza matokeo ya hesabu zilizofanywa kwa ndege katika nyanda za malisho za Kenya tangu mwaka 1977. Walionyesha kwamba katika muda wa miaka arobaini hivi wanyama wa mwitu wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Nyumbu wa Loita, ambao walipita laki moja, walipungua zaidi ya robo tatu. Tena yafaa kukumbuka kwamba uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ni wawindaji wenye vibali waliowamaliza. Wengine waliuawa na majangili, na wengine na ukame. Lakini wengi walikosa mahali pa kulisha na kuzalia, kwa kuwa majumba, seng'enge na mashamba ya ngano yalichukua nchi yao.

Ardhi ya wote yagawanywa

Kulikuwa na wakati ambapo malisho ya Narok na Kajiado yalikuwa ya wote. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi: ukoo au watu wa mtaa mmoja waliandikishwa kuwa wenye ardhi kwa pamoja, wakachagua wajumbe wa kuisimamia. Kambi za kwanza za watalii nje ya mbuga zilifanya mapatano na wajumbe hao. Fedha zilipita mikononi mwa wachache, na mwanachama wa kawaida, ambaye ng'ombe wake walikula majani pamoja na punda milia, mara nyingi hakujua zimekwenda wapi. Si ajabu kwamba watu walichoka na umoja wa namna hiyo, wakadai kugawiwa kila mtu kipande chake.

Katika ranchi ya Koiyaki, iliyopakana na mbuga, ardhi iligawanywa, na kila mwanachama akapata ekari 150 hivi. Wengi waliogopa kwamba huo ndio mwisho wa wanyama. Mwenye ekari 150 aliweza kumkodisha mkulima wa ngano pale penye mvua ya kutosha, au kumuuzia mtu wa mbali, au kuzungusha waya. Lakini mgawanyo huo huo ulifungua mlango mwingine. Sasa kila mwenye hati aliweza kupatana na wenye kambi kwa jina lake mwenyewe, na kulipwa mkononi mwake mwenyewe, bila fedha kupitia kwa mjumbe.

Ol Kinyei ilitengwa mwaka 2005. Olare Orok ilianza mwaka 2006, na baadaye ikaungana na Motorogi. Mara North ilifuata mwaka 2009, yenye ekari zaidi ya 70,000. Naboisho, ambayo maana ya jina lake kwa Kimasai ni kuja pamoja, ilianza mwaka 2010: wenye ardhi zaidi ya 500 waliunganisha vipande vyao vikawa ekari 50,000 hivi. Miongoni mwa Wamasai walioshughulika kuwaunganisha wenzao yumo Bw. Dickson ole Kaelo, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chama cha hifadhi za wanyamapori cha Kenya nzima. Mwaka 2013 hifadhi za Mara ziliunda chama chao, na sheria ya wanyamapori iliyotungwa mwaka huo, ambayo ilianza kutumika Januari 2014, ikazitambua hifadhi za wenyeji kuwa njia halali ya kutumia ardhi. Miaka michache baadaye ardhi iliyokuwa chini ya mikataba katika Mara ilizidi ekari 340,000, yaani karibu sawa na mbuga yenyewe.

Mkataba ulivyo

Wenye ardhi hukodisha vipande vyao kwa muda maalum, mara nyingi miaka 15 au zaidi, na kila mmoja hubaki na hati yake. Wenye kambi hulipa kodi kwa kila ekari, kiasi kimoja kwa wote, iwe kambi imejengwa katika kipande cha mtu au la. Jambo hili ni la maana sana. Kama angelipwa yule tu ambaye kambi iko kwake, au yule ambaye simba wamelala kwake, majirani wangeona wivu na wangejifungia. Lakini kwa kuwa kipande kisicho na mto wala mti mzuri hulipwa sawasawa na kipande chenye mandhari ya kupendeza, kila mtu ana sababu ya kukiacha chake wazi.

Kodi huingia katika akaunti ya mwenye ardhi benki, au kwa njia ya simu, mwezi kwa mwezi au kila baada ya miezi kadha. Huingia hata katika miezi ya mvua ambayo wageni ni haba. Zaidi ya hayo, mgeni alalaye kambini hulipa ada ya hifadhi kwa kila usiku, na kutoka katika mapato hayo hulipwa pia askari wa wanyamapori, ukarabati wa barabara, na gharama za ofisi ya hifadhi. Askari wengi ni vijana wa mahali pale pale. Vijana wengine wamepata elimu ya kuongoza wageni katika shule ya Koiyaki, iliyofunguliwa mwaka 2005, nao wameajiriwa kambini wakiwa na mshahara na cheti.

Kwa upande wao, wenye ardhi hukubali kutojenga manyata ndani ya hifadhi, kutolima, kutoweka ua, na kutochunga ila kwa utaratibu uliokubaliwa. Nazo kambi hukubali kutozidisha wageni. Katika Olare Motorogi kanuni ni hema moja kwa kila ekari 700. Mahali pengine gari nyingi humzunguka chui mmoja hata asiweze kuwinda. Katika hifadhi hizi idadi ya gari kwenye mnyama mmoja huwekewa kikomo.

Hesabu ya ekari 150

Mkulima hodari hapendi maneno matupu, hupenda hesabu. Kodi si moja mahali pote, nayo hubadilika kila mikataba inapofanywa upya. Kwa hiyo hesabu ifuatayo ni mfano tu. Kodi ikiwa shilingi 1,500 kwa ekari moja kwa mwaka, mwenye ekari 150 hupata shilingi 225,000 kwa mwaka, yaani shilingi 18,750 kila mwezi. Fedha hizo hulipa karo, hununua dawa ya josho, na humwezesha mtu kungoja bei nzuri bila kuuza fahali wake wakati wa njaa.

Sasa na itazamwe hesabu hiyo kwa upande wa mwenye kambi. Ikiwa kila hema lina ekari 700, kodi ya ardhi kwa hema moja ni shilingi 1,050,000 kwa mwaka. Hema likijaa kila usiku, hiyo ni karibu shilingi 2,900 kwa usiku mmoja. Likijaa nusu ya mwaka tu, ni karibu shilingi 5,750. Likijaa robo ya mwaka, ni shilingi 11,500, kabla ya kununua chakula, kulipa wapishi, madereva na kodi ya Serikali. Ndiyo sababu wageni wa hifadhi hizi hutozwa bei kubwa, na ndiyo sababu pia haiwezekani kila kilima cha Kenya kuwa na kambi. Mahali ambapo wanyama si wengi, au barabara ni mbovu, au hapana jina linalojulikana ng'ambo, mwenye kambi hawezi kulipa kodi hiyo hata akiwa na moyo mwema.

Tena iko ngano. Mahali penye mvua ya kutosha na udongo mzuri, mkulima mkubwa wa ngano aweza kulipa zaidi ya mtalii. Hapo kodi ya kambi peke yake haitashinda, na mwenye ardhi asilaumiwe akichagua kilimo. Hifadhi zimestawi hasa pale ambapo jembe halina faida kubwa, na ng'ombe pamoja na wanyama hutumia vizuri majani ambayo hayafai kitu kingine.

Ng'ombe hawakuachwa

Hapo mwanzo hifadhi nyingine zilikataza kabisa ng'ombe, na katazo hilo lilileta ugomvi. Mmasai aliyepokea kodi kwa mkono mmoja aliona ng'ombe wake wakikonda kwa mkono mwingine. Wachungaji waliingiza makundi usiku, wakatozwa faini, na kodi ikarudi ilikotoka. Tena ng'ombe waliotolewa ndani walisongamana nje, na majani ya majirani yakaisha upesi.

Baada ya miaka michache ilionekana kwamba kuwatenga ng'ombe kabisa hakufai hata kwa majani yenyewe. Majani yasipoliwa hurefuka, huwa magumu, na swala huyaepuka. Yakiliwa kwa zamu kisha yakaachwa yapumzike, huchipua laini. Kwa hiyo hifadhi nyingi zimegawanya nchi katika sehemu, na kamati ya malisho huamua ni sehemu gani ichungwe wiki hizi na ni ipi ipumzike. Sehemu zilizo mbali na kambi huchungwa wakati wa wageni wengi, na zilizo karibu huchungwa wakati wa wageni wachache. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, majani yaliyotunzwa ndani ya hifadhi yalikuwa akiba ambayo haikuwapo penginepo.

Hata hivyo hasara haikosekani. Simba na fisi hukamata mifugo. Ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe ugonjwa mbaya, na wafugaji tangu zamani huwaondoa ng'ombe mahali nyumbu wanapozalia. Sheria ya mwaka 2013 iliahidi fidia, shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa mali iliyoharibiwa. Lakini watu wengi wamelalamika kwamba fidia hiyo huchelewa sana. Kodi ya kila mwezi hairudishi ng'ombe aliyeliwa, ila hupunguza hasira. Jambo hilo si dhana tu: utafiti juu ya simba wa Mara uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba simba walioishi karibu na maboma ya watu wenye fungu katika hifadhi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kuliko walioishi karibu na maboma ya watu wasio na fungu.

Mwaka ambao wageni hawakuja

Udhaifu wa utaratibu huu ulionekana wazi mwaka 2020. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilikatazwa kutua Kenya tangu mwisho wa Machi mpaka Agosti 1. Kambi zilifungwa katika muda wa siku chache. Wapishi na madereva walirudishwa nyumbani, na hema zilizowalaza watu wa Uingereza na Marekani zikakunjwa.

Swali likawa: nani atalipa kodi ya ardhi? Wenye kambi hawakuwa na mapato. Wenye ardhi walikuwa na watoto na madeni. Katika hifadhi kadha pande zote mbili zilikaa zikapatana. Kodi ilipunguzwa au ilicheleweshwa, na wenye ardhi wengi walikubali kuvumilia kuliko kuvunja mikataba. Baadhi ya hifadhi zilitafuta misaada na mikopo ili askari wasiachishwe kazi, kwa kuwa majangili hawangojei ndege zianze kuruka. Wageni waliporudi, ardhi kubwa ilikuwa bado wazi.

Wengi walijifunza mambo mawili katika mwaka huo. Kwanza, wale waliokuwa wameuza ng'ombe wao wote kwa kutumaini kodi waliteseka kuliko waliokuwa na kundi dogo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Pili, hifadhi iliyokuwa na akiba benki, na vitabu vya hesabu vilivyoonyeshwa wanachama kila mwaka, ilipata uvumilivu wa watu wake kwa urahisi. Mtu huweza kungoja fedha ambazo ameona kwa macho yake kwamba hazipo. Hawezi kungoja fedha anazoshuku kwamba zimeliwa.

Wale wasio na hati

Liko jambo jingine ambalo halijanyooka. Kodi hulipwa kwa mwenye jina katika hati. Wakati Koiyaki ilipogawanywa, majina yaliyoandikwa yalikuwa ya wanaume karibu wote. Wake zao, ambao hukama ng'ombe, huchota maji na kujenga nyumba, hawakuandikwa. Wala vijana waliokuwa hawajafikia umri. Wengine walipata vipande vikubwa au vyema kuliko wenzao, na manung'uniko ya mgawanyo huo yapo mpaka leo.

Basi katika boma moja huenda kuna mwenye hati mmoja na watu ishirini wanaokula kwake. Akiwa mtu mwema, kodi huonekana katika vyakula na karo. Akiwa mlevi, huishia kilabuni. Zaidi ya hayo, familia isiyo na ardhi ndani ya hifadhi hukosa kodi na kukosa malisho pia, lakini tembo huvunja boma lake vilevile. Watu hao hawana sababu ya kuipenda hifadhi. Baadhi ya kambi husaidia kwa kulipia karo za wanafunzi, zahanati na visima, na kwa kununua shanga za akina mama. Hayo ni mema, lakini msaada hutolewa kwa hiari na waweza kukatwa, tofauti na kodi ambayo ni haki.

Seng'enge na funzo la Kitengela

Wakati mambo hayo yakiendelea, waya huongezeka. Mwaka 2017 watafiti waliotazama picha zilizopigwa kutoka angani kwa setilaiti walionya kwamba ua za waya katika nchi ya Mara zilikuwa zikizidi upesi mno, na kwamba zaweza kuuharibu umoja wa nchi hiyo yote. Mara nyingi mtu haweki waya kwa chuki ya wanyama. Huuweka kwa kuwa jirani yake ameuweka, na ng'ombe wa watu wote sasa humiminika kwake. Waya mmoja huzaa mwingine.

Yaliyotokea Kitengela, kusini ya Mbuga ya Nairobi, ni funzo. Tangu mwaka 2000 wenye ardhi huko walilipwa shilingi 300 hivi kwa ekari kwa mwaka ili waache nchi wazi kwa nyumbu na punda milia. Watu walijiunga kwa wingi, maana fedha zilisaidia kulipa karo. Lakini fedha hizo zilitoka kwa wafadhili, si kwa biashara iliyotegemea ardhi hiyo, na wakati huo huo mji ulikuwa ukipanda kilima kwa kilima. Bei ya kiwanja ilipita kodi hiyo mara nyingi sana. Ekari baada ya ekari iliuzwa, na njia ya wanyama ikasongwa na nyumba na waya. Kodi ndogo haiwezi kushindana na mnunuzi mwenye fedha mkononi, na fedha za mfadhili huisha pale mfadhili anapochoka.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kutokana na hayo yote, mwenye ardhi anayeletewa mkataba, awe Narok, Kajiado, Laikipia au Taita, yampasa kuuliza maswali machache, tena aulize mbele ya mashahidi.

Kwanza: kodi ni kiasi gani kwa ekari, italipwa siku gani, na itapandishwaje kadiri bei za vitu zinavyopanda? Mkataba wa miaka 15 wenye kodi isiyobadilika ni hasara iliyofichwa.

Pili: wageni wasipokuja, nini kitatokea? Je, iko akiba? Ni miezi mingapi ambayo kambi italazimika kulipa hata ikiwa hema zote ni tupu? Mwaka 2020 ulionyesha kwamba swali hili si la kubahatisha.

Tatu: ng'ombe watachungwa wapi, miezi ipi, na nani aketiye katika kamati ya malisho? Faini ni kiasi gani, na huenda kwa nani?

Nne: nani anaweza kuvunja mkataba, na kwa sababu gani? Kambi ikiuzwa kwa bwana mwingine, je, mwenye ardhi ataulizwa?

Tano: jina la mke litaingiaje katika malipo, na mtoto atakayerithi atalindwaje? Mahali pengine mume na mke wamekubaliana kufungua akaunti ya pamoja, na huo ni mwanzo mzuri.

Sita: hesabu zitasomwa lini mbele ya watu wote, na kwa lugha gani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye kambi naye ana maswali ya kujiuliza. Kama atalipa kodi ya chini kabisa awezayo kupata leo, asishangae kuona waya kesho. Anachouza kwa wageni si kitanda na chakula tu, maana hivyo vipo London na Nairobi. Anauza nchi iliyo wazi, na nchi hiyo si yake. Kila mwenye ardhi anayezungusha seng'enge hupunguza bidhaa dukani mwake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Mara maana yake ni kwamba mgeni aje, na mwenyeji apate kodi yake kwa wakati, malisho kwa zamu, na hesabu mbele ya watu wote. Mahali ambapo hayo yametimizwa, nyumbu bado wanapita. Mahali ambapo hayakutimizwa, nguzo za seng'enge zimekwisha kuchimbiwa.